Gari Zima Nililolisingizia Ugonjwa

Kosa ni langu, na silipunguzi hata kidogo. Jina msiniulize. Hapa Gisenyi tunajuana mno, na bado nina watu wa kuwaamkia asubuhi.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, tumerudi kutoka Kongo si zamani. Karani mwenye gari, hata kuukuu kama langu, aliachiwa kiti cha mbele kanisani. Nilikipenda kile kiti, jamani!

Basi nikatoka arusini nimelewa, nikaendesha, polisi wakanisimamisha. Permi, yaani leseni ya kuendesha, ikachukuliwa, miezi sita nisiguse usukani. Aliyejua ni mke wangu peke yake.

Majirani niliwaambia gari limeharibika, nangoja pièce, kipuri cha karbureta. Nikaliinua kwa jeki, nikalifunika turubai. Kila Jumamosi nilifungua boneti, nikaguna kama daktari. Ee Mungu wangu, unafiki gani ule!

Katikati ya adhabu, asiransi ya gari, yaani bima, ikaisha. Mke wangu, mwenye permi yake safi tangu Goma, akanikalisha chini.

— Baba Aline, enda ulipe asiransi. Siku moja hii gari itaumiza mutu.

— Itaumiza mutu namna gani na iko juu ya jeki?

— We enda tu. Sema ukweli, baandike mi ndiye nitaendesha.

Jina la mke kwenye karatasi za gari langu! Tena yule wakala wa asiransi tuliimba naye kwaya, bega kwa bega. Angeomba permi, ningemwonyesha nini? Nikaacha. Kibandiko cha asiransi kilichokwisha muda kilikuwa chini ya turubai pamoja na gari lote, nami nikalala usingizi mzuri.

Lakini uongo wangu ulivuka mpaka bila kuulizwa karatasi. Kaka wa mke wangu, fundi kule Goma, akasikia. Jumapili moja mchana, mke wangu akiwa Kanzenze kwa mama yake, shemeji akafika anatiririka jasho, na karbureta ndani ya gazeti.

— Shemeji, nimezunguka masoko yote. Iko hii!

Hapo ndipo ningesema ukweli. Majirani walikuwa wamesimama uani wanatazama, nami nikasema, "Aksanti sana, shemeji." Maneno hayo nayajutia kuliko pombe yote niliyokunywa maishani.

Akafunga karbureta, akashusha jeki, akawasha. Gari likawaka papo hapo. Lisingewaka vipi, na halikuwa na ugonjwa! Watu wakapiga makofi.

— Bon, tujaribu kidogo!

Tukatoka, yeye kwenye usukani, mimi pembeni nikipunga mkono kama waziri. Breki zilizokaa miezi bila kazi zikagoma mteremkoni. Tukaiparamia meza ya Mama Vestine, jirani yetu anayeuza sambaza. Samaki wakatapakaa barabarani, meza ikavunjika, na mguu wake ukabaki chini ya mbao. Lile yowe bado nalisikia.

Polisi wakafika, na wanakwaya nao wanatoka kanisani.

— Asiransi iko wapi?

— Imeisha, afande.

— Na permi ya mwenye gari?

— Mulishaichukua, afande.

Nilisema hivyo mbele ya umati wote! Wakala wa asiransi akanivuta kando. Hata hakukasirika.

— Ni hiyo tu? Mbona hukuniambia? Tungeandika madamu wako, kazi ya dakika kumi.

Shemeji alilala kituoni siku mbili kwa wema wake. Gari liliuzwa kumtibu Mama Vestine, na mguu ukaunga vibaya. Hawezi tena kwenda Nyamyumba kuchukua samaki. Mke wangu ndiye anayemletea, beseni kichwani, kwa miguu. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo linaniuma zaidi.

Enyi mlionyang'anywa permi, nawaomba! Nendeni kwa watu wa asiransi siku hiyohiyo. Semeni mmefungiwa, andikisheni anayeruhusiwa kuendesha, hata akiwa mkeo. Hasa akiwa mkeo! Utaona haya dakika kumi, basi.

Mimi haya zangu nazipitia kila asubuhi nikienda kazini. Mama Vestine huniona kwa mbali, huegemeza fimbo yake kwenye meza mpya, kisha huniuliza kwa upole kabisa:

— Jirani, ile pièce ilifika?