Aliyeuliza Kabla ya Kuchora

Habari za msiba hazichagui mahali. Hizi zilinikuta kwenye kiti cha kinyozi hapa Lodwar, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, simu ikilia mfukoni chini ya shuka. Aliyepiga ni kijana mmoja wa ofisini ninayemfahamu, na aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama mkwe wake, yule mama Mkongo wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, aliyekuwa akitengeneza kadi, ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kinyozi akazima mashine, akauliza kuna nini, nikamwambia. Akageukia kioo chake, akachomoa kadi iliyokuwa pembeni, akanionyesha picha ya kiti kile kile nilichokalia, mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira mweusi kama ulivyo. "Huyu mama alileta mjukuu hapa mara moja tu," akasema. "Mara moja! Krismasi nikaona kadi." Tukajikuta tunacheka, mimi na kichwa changu cha nusu. Wasomaji wanaopenda kumbukumbu zianze kwa machozi wanisamehe. Yangu yalikuja baadaye, nyumbani, nikiwa nimeshanyolewa vizuri.

Nilimjua huko Kakuma kambini, miaka michache iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa ambako akina mama walikuwa wamepanga kazi zao za mikono mezani: vikapu, mashuka yaliyodariziwa, sabuni walizochemsha wenyewe. Yeye alikuwa na kadi za salamu. Kwa kila kadi alichukua katoni ya sabuni, akaikunja katikati, akaifunika kwa karatasi ya manila aliyoibandika kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe, kisha akaunga picha kwa mabaki ya vitenge, shanga na majani makavu ya mkoma. Nikatoa pochi, nikasema nazitaka kadhaa za sikukuu. Akazivuta upande wake wa meza.

"Hizi haziuzwe, baba. Ziko na benyewe."

"Basi nitengenezee nyingine, nitalipa."

"Nitakutengenezea namna gani? Sikujuwe bado. Kwanza ukae."

Nikakaa. Akaniuliza ninakunywa chai ya namna gani, nani huniamsha asubuhi, kitu gani nyumbani kwangu kimeharibika lakini sina moyo wa kukitupa. Mwandishi wa safu amezoea kuuliza, si kuulizwa, nami nikajibu kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya darasa. Nilikuwa karibu kuyasahau hayo, ndipo mwalimu mmoja aliyetoka Kakuma akaniletea bahasha ya kaki. Kumbe ilikuwa kadi yangu: redio yangu ya jikoni ambayo antena yake ni waya wa kuanikia nguo, kando yake pasi ya makaa na shati langu la kazini, na maneno machache, "Heri, baba wa redio." Nimepokea kadi nyingi za ofisini zenye maandishi ya dhahabu, na hakuna hata moja iliyowahi kujua kwamba mimi hupiga pasi nikisikiliza taarifa ya habari. Tangu hapo, kila nilipofika Kakuma sikuondoka bila kupita kwake Kalobeyei.

"Kadi ya duka haimujuwe mutu," alikuwa akisema. "Inasema heri, heri. Heri kwa nani?" Lakini palikuwa na jambo jingine chini ya kadi zile, na hilo alinieleza siku moja akikata kitenge, tena akicheka, maana alikuwa mwepesi wa kucheka. Vita vya kwao vilikuwa vimewatawanya ndugu zake, na hapa alifika na binti mmoja tu. "Hapa miye sina batu," akasema. "Siku nikikufa, pasta ataita ndugu basimame. Nani atasimama? Binti yangu peke yake, sawa nguzo ya umeme." Hapo nikaelewa kwamba mama huyu hakuwa akipitisha muda. Alikuwa akijitafutia watu, mmoja mmoja, kwa mkasi na gundi ya unga.

Mtihani wake mkubwa ulikuja binti alipopata mchumba, yule kijana wa ofisini aliyenipigia simu, Mturkana wa hapa Lodwar. Baba yake kijana ni mfugaji, ana boma lake nje ya mji upande wa Lokichar, na alisita waziwazi. Hakuwa na ubaya na wakimbizi wala na binti. Shida yake ilikuwa ya haki kabisa kwa mtu wa mila: mifugo ya mahari hugawiwa ndugu wa bibi harusi, wajomba, baba wadogo, shangazi, na kwa kugawana huko ndipo koo mbili hupata kutembeleana, kudaiana na kutaniana. "Huyu mama hana watu," alimwambia mwanawe. "Mimi nitagombana na nani? Nitacheka na nani?" Mama wa kadi alipoyasikia maneno hayo yalimuingia sana, kwa kuwa yalikuwa hofu yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mwingine.

Akaamua kumtumia mzee kadi. Alikuwa ameshasikia kwamba mwanaume wa huku huwa na maksai mmoja wa moyo wake, ambaye pembe zake huelekezwa tangu angali mdogo, hutungiwa nyimbo, na rangi yake ndiyo humpa mwenyewe jina la heshima. Akamuuliza kijana maksai wa baba yake yukoje. Sasa kijana huyu amelelewa shule za bweni, anajua mambo ya kompyuta kuliko ya zizi, akamjibu bila wasiwasi kwamba ni mwekundu, mwenye pembe zilizotanuka. Kadi ikatoka nzuri ajabu, maksai mwekundu wa kitenge mwenye kengele ya shanga, na mimi nikafuatana na kijana kuipeleka. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akatusalimia "ejok" kwa ukunjufu, akaifungua. Uso ukabadilika.

"Hii ngombe ni ya nani?"

"Ni yako, baba," akasema kijana.

"Yangu? Yangu iko rangi hii?" Akamwita mkewe, mkewe akatazama, akaziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. Maksai yule mwekundu alikuwa wa rika lake mmoja wa Lokichar, mtu ambaye tangu ujana wamekuwa wakishindania nani ana maksai mzuri zaidi. Yaani mama yetu alikuwa amemtumia mkwe mtarajiwa salamu kwa jina la mshindani wake. "Hii mama anasalimia mtu ingine," mzee akasema, akairudisha kadi kwenye bahasha. "Apelekee mwenyewe."

Niliogopa kumpelekea mama taarifa hiyo. Nilidhani atalia, na kwamba uchumba umekwisha. Yeye akajipiga paja. "Njo kusema nilimuuliza mutu mubaya!" Kisha akaanza kufuatilia kibali cha kutoka kambini, na alipokipata akaja Lodwar na beseni lake la vitambaa kichwani, akaniomba nimpeleke bomani. Alipofika hakuomba msamaha wala hakutaja ndoa. Akamwambia mzee, "Baba, ile ngombe yako, unionyeshe."

Sijapata kuona asubuhi kama ile. Mzee akampeleka zizini, akamsimamisha mbele ya maksai wake, wa rangi ya majivu mwenye tumbo jeupe, pembe moja imeinamia mbele na nyingine nyuma. Mama akaketi chini akaanza kukata na kubandika, mzee akisimamia. Pembe hii umekosea. Jivu hili ni la moto wa jana, langu ni la moto uliokufa zamani. Nyeupe hii ni ya shati, tafuta ya maziwa. Mama akibandua, akibisha, akiuliza: mama yake alikuwa ngombe gani, kengele ulimfunga lini, wimbo wake unasemaje? Mzee akauimba wimbo wote, mikono juu akiigiza pembe, mbele ya mwanamke ambaye hadi jana yake hakutaka hata kumsikia. Mkewe akaleta maziwa. Jua lilipokuwa kali, mzee akaishika kadi mpya, akaitazama sana, akasema, "Nani amebisha na mimi hivi, asubuhi yote, na si mtu yangu?"

Ndoa ikafungwa. Kwa kuwa kiwanja cha Kalobeyei hakitoshi hata zizi la mbuzi, mifugo ya mama ilibaki kwenye boma la mzee, na kila mtu pale akaijua kuwa ni ya mama Mkongo. Ile kadi nyekundu nayo haikupotea. Mzee aliiomba kwa mama, akaituma Lokichar kwa rika lake, na ujumbe wa majigambo kwamba maksai wako amechorwa na mkwe wangu.

Nayakumbuka haya kila sikukuu simu yangu inapojaa mawaridi yanayometameta, waridi lile lile kutoka kwa watu ishirini, na baadhi yao hawajui hata nimehama nyumba. Sitaki kuonekana mzee anayeigombeza simu, maana nami hulituma waridi hilo hilo kwa moyo mkunjufu. Lakini tumefika mahali tunawatakia watu heri bila kujua heri yao inafananaje. Hata miradi inayoletwa huku kwetu, mingine hufika ikiwa imechorwa tayari, maksai mwekundu kwa mtu wa rangi ya majivu, na tunashangaa wenyewe wakiirudisha kwenye bahasha.

Mama tulimzika huko Kakuma. Mchungaji alikuwa mgeni, hakuwa anamjua, na wakati ulipofika akaomba ndugu wa marehemu wasimame wapewe pole. Binti akasimama. Kisha, mstari wa mbele, mzee akainuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Mzee," mchungaji akasema kwa adabu, maana alikuwa ameshatambulishwa kwa wakwe, "tumeita ndugu kwanza. Wakwe tutawaita baadaye."

"Mimi nimesimama," mzee akajibu. "Endelea."

Nyuma yake akasimama rika lake wa Lokichar. Akasimama Msomali mwenye duka aliyekuwa akimpa katoni, wakasimama akina mama wa kwaya kutoka Burundi, muuguzi, fundi wa baiskeli, mimi. Wakaendelea kusimama hadi mchungaji akakosa mtu aliyekaa wa kuambiwa aje kutoa pole. Akatazama huku, akatazama kule, akafunika Biblia. "Basi poleni nyote," akasema, "na mimi pia mnipe pole, inaonekana nimechelewa kumjua." Binti wa marehemu akacheka na kulia kwa pamoja, na sisi tukamfuata.

Niliporudi Lodwar nilimuuliza jirani yangu wa siku nyingi kitu gani anakipenda sana hapa duniani. Akanitazama kwa mashaka, akataka kujua kama ninagombea kiti. Nikamwambia nataka kumtengenezea kadi, akacheka, na nilipobahatisha kwamba ni mpira, akanisahihisha: ni njiwa wake. Njiwa wanalia ukutani kwangu kila asubuhi, na sikuwahi kuuliza ni wa nani. Watu hatuzaliwi nao wote. Wengine tunawapata kwa kuwauliza wao wenyewe, na kwa kukubali watusahihishe mpaka rangi ikae sawa.