Mla Mizoga wa Tatu

Mkinicheka mna haki, hata mimi hujicheka, ila nikishamaliza kucheka hubaki nimeshika shavu, maana aibu yenyewe ilinikuta nyumbani kwetu Makorora mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na chanzo chake ni kitu kidogo mno: uvivu wa kutafuta karatasi safi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mtu mzima kabisa, na kila Jumamosi alasiri nacheza mchezo wa mashujaa na mazimwi. Tunakaa wanne mezani kwa Elia, rafiki yangu wa Nguvumali ambaye babu yake alikuja Tanga kukata mkonge. Watatu wanakuwa mashujaa, mimi ndiye msimulizi, yaani natunga nchi, mapango na mazimwi, wao wananiambia wanafanya nini, halafu tunarusha dadu ijulikane wamefaulu au wameliwa (hatuchezei pesa, mtaona kwa nini nalisema hili mapema).

Wiki ile mashujaa wangu walikuwa wameua kikosi kizima cha maharamia ndani ya shamba la mkonge lililohamwa, wakaondoka bila kuzika hata mmoja. Nikajiambia, maiti wote wale hawawezi kulala wiki nzima asije mla mizoga, kwa hiyo mashujaa wakirudi lazima wamkute. Ila yupi? Fisi nilimkataa mapema, maana Elia humcheka fisi hata kabla hajatokea. Kunguru walinivutia, kwa sababu kunguru wa Tanga anakupora andazi mkononi nawe unamwangalia, lakini shujaa mwenye upanga akishindwa na kunguru ningesimangwa mwaka mzima. Nikawaza kaa, nikawaza siafu. Mwishowe nikaona mla mizoga wa kutisha kuliko wote ni yule mwenye sura ya mtu, anayekuja na pole mdomoni, anakaa na wafiwa, na wakimpa kisogo anakula. Nikachagua huyo, nikaamua wawe watatu, na kila mmoja awe na jina na baba yake, maana zimwi lenye ukoo linatisha zaidi kuliko zimwi lisilo na kwao.

Wa kwanza nikamwita Kinyofu bin Mbavu. Wa pili ni mwanawe, Gegedu bin Kinyofu. Hao niliwaandika majina tu, sifa zao nilikuwa nazo kichwani. Wa tatu nilimwandika kwa uchungu.

Nina shangazi, dada wa marehemu baba, anaishi Mwera kule Pangani. Siku ya msiba wa baba alifika tumeshazika, hakutoa hata chozi, akapita moja kwa moja jikoni akaanza kufunua masufuria na kuuliza nyama iko wapi. Mama akamjibu vibaya, naye akaondoka, na kwa miaka minne wasisalimiane hata Iddi. Basi zimwi langu la tatu nikaliandika hivi (najua, jamani, najua): "Mwanakombo binti Mbwana, hufika watu wakishazika, halii, hukagua masufuria kwanza." Jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho! Nikasema, nani atajua? Elia hamfahamu.

Ikaingia Shaabani, na kwetu kabla ya kufunga Ramadhani husomwa hitima ya kuwarehemu wazee. Mama akaona huo ndio wakati wa kumaliza ugomvi, akampigia wifi yake simu, na wifi akasema atakuja. Siku tatu mama alikuwa akipanga maneno ya kumwambia, nikimsikia jikoni akiongea peke yake. Mimi nikapewa kazi ya kuandika majina ya marehemu wa ukoo ili Maalim ayasome kwenye dua, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nilikuwa nimechelewa, daftari lililokuwa karibu ni la mchezo, nikachana karatasi, marehemu wakajaa ukurasa mzima, nikaigeuza nikawaona mazimwi wangu upande wa pili. Nikasema, aa, Maalim hatageuza.

Sikujua kwamba mwaka uliotangulia Maalim alimruka babu wa mtu aliyeandikwa nyuma ya karatasi, akalaumiwa mpaka akajuta, na tangu hapo hakuna karatasi ambayo haigeuzi.

Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake tukawa ndani, na spika ya madrasa imewekwa dirishani ili tusikie. Shangazi alipoingia nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu," mama akamkalisha mkekani kati yetu. Maalim akaanza kusoma, kila jina tunaitikia amin. Lilipofika la baba, shangazi akajifunika uso kwa mtandio na mama akamshika goti. Nilifurahi mno. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Halafu nikasikia kwenye spika karatasi inageuzwa.

"Kinyofu bin Mbavu."

"Amin," wakaitikia wote, na shangazi naye. Bi Rukia, jirani yetu, akaninong'oneza, "Huyo namkumbuka, alikuwa mtu wa watu."

"Gegedu bin Kinyofu."

"Amin."

Nilitaka kuinuka nikimbilie nje, lakini kati yangu na mlango kulikuwa na safu nne za wanawake waliokunja miguu, na ningesema nini?

"Mwanakombo binti Mbwana."

Amin ikaanza ikakatika. Maalim, ambaye husoma akifuata kidole neno kwa neno bila kutazama mbele, akaendelea, "Hufika watu wakishazika, halii, hukagua masufuria…" Tukasikia, "Astaghfirullah," kisha spika ikazimwa.

Shangazi akamgeukia mama. Hakupaza sauti. "Wifi, umeniita kutoka Mwera nije nirehemiwe nikiwa hai?"

Mama hakuelewa chochote, na nikaona ugomvi wa miaka minne unageuka wa maisha. Nikasema, "Ni mimi, shangazi. Mama hajui. Ni mchezo tu." Mchezo gani? Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Nilipofika kwenye dadu Bi Rukia akaruka, "Dadu? Mwalimu wa watoto wetu anacheza kamari?" Nikasema si kamari, tunaua maharamia tu, na mama mmoja ambaye mwanawe yuko darasani kwangu akamtazama mwenzake.

"Kwa hiyo mimi ni zimwi," akasema shangazi.

"La tatu," nikajibu (mpaka leo sijui ulimi wangu ulitumwa na nani).

Akatikisa kichwa polepole. "Siku ile gari lilitufia njiani. Nafika, kaburi limeshamwagiwa maji, kaka yangu hata uso sikuuona. Nilie nini tena? Nikaona wageni wake wamekaa na njaa, nikaingia jikoni. Mikono yangu ndiko inakojua kwenda. Mkanifukuza."

"Wifi, mimi sikujua," mama akasema, naye ndiye aliyelia.

"Hamkuniuliza."

Wakatoka wawili wakaenda uani, na walichozungumza huko sikijui, lakini walirudi pamoja na pilau ikapakuliwa. Siku hizi hupigiana simu kila Ijumaa. Mimi niliitwa na wazazi watatu wa chekechea kueleza habari ya dadu, nikaeleza, sidhani kama waliniamini.

Baadaye nilikwenda Mwera kuomba radhi. Shangazi akanipa chai na mkate wa kumimina, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimeshakusamehe. Lakini dua ya baba yako ilikatika njiani, na hilo si langu kulisamehe."

Chai yenyewe niliimaliza kwa tabu. Tangu hapo mazimwi wangu ni kaa na siafu tu, hawana majina wala baba, na Elia acheke apendavyo. Na mtu akichelewa kufika msibani, namkaribisha akae, namletea maji, kisha namuuliza njiani kulikuwaje.