Pango Nyuma ya Vilima vya Ngong

Mwaka ule sikuweza kutulia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, masomo ya kupiga taipu nimeyaacha katikati, na kila jioni baba alinitazama nikizunguka katika chumba chetu kimoja kama mtu aliyepoteza kitu.

"Kaa chini, wewe," alisema.

Nilikaa. Kisha nikasimama tena.

Labda ndiyo maana kanisa letu pale mtaa wa Lucky Summer likanipa darasa ambalo walimu wengine walilikimbia: vijana waliojiona wamekua mno kwa shule ya Jumapili, ila mama zao hawakutaka kusikia habari hiyo. Waligonga mabenchi, walichungulia dirishani, walitoka nje kwenda haja na kurudi ibada imeisha. Niliwaelewa kuliko walivyodhani.

Jumapili moja tulikuwa tukisoma habari za watu wa kale waliojificha mapangoni jangwani. Msichana mmoja mwenye ulimi mkali, binti ya mchonga vinyago kutoka Ukambani, aliinua mkono.

"Ticha, wewe umewahi kuingia pango?"

"Hapana."

"Sasa unatufundisha nini?"

Darasa zima liliangua kicheko. Maneno yale yalinikereketa wiki nzima. Mwishowe nikamwendea muumini mwenzetu, dereva wa lori la mawe ya ujenzi, mtu wa rika la baba yangu. Aliwahi kutaja pango analolijua kule chini, nyuma ya vilima vya Ngong, ambako nchi ni kavu na joto linachoma. Nilimwomba atupeleke likizo ya Agosti. Alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, binti yangu. Lakini mimi humo ndani siingii."

Siku ilipofika tuliondoka Nairobi na baridi, watoto wamejikunyata nyuma ya lori ndani ya sweta zao. Tulipokwisha kuteremka bondeni, sweta zote zilikuwa zimevuliwa. Dereva alisimamisha lori pale njia ilipokufa. Mbele yetu hapakuwa na kitu: vumbi, mawe meusi, migunga iliyochakaa, na anga.

"Ticha, ndiyo hii tu?" aliuliza kijana mmoja. "Tumekuja kuangalia mawe?"

Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mrefu, mabega mapana, na hata wavulana waliomzidi umri mtaani walimpisha njia. Sikuwahi kumwona akikaa kitako kipindi kizima.

Tulitembea. Wenye raba nzuri walichomwa na miba iliyopenya soli. Wachache waliovaa akala, viatu vya matairi kutoka soko la Kariokor, ambao asubuhi walikuwa wamechekwa, walikanyaga popote. Maji waliyanywa kama wako bombani, nikawafokea, wakanywa kwa kujificha. Kila baada ya hatua chache niligeuka kuhakikisha wote wapo. Nilitaka tufike, na papo hapo nilitaka tuwe tumesharudi.

Pango lilikuwa shimo pana chini ya mwamba, na hewa ya ubaridi ilitoka humo kama kwenye jokofu lililofunguliwa. Dereva aliketi nje kivulini. Sisi tukaingia na tochi zetu mbili. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Kila mmoja aliita jina lake ili alisikie likirudi. Popo waliruka juu yetu, wasichana wakapiga mayowe, wavulana wakajifanya hawakushtuka. Tulipofika ndani ambako mwanga wa mlangoni haukuonekana tena, binti ya mchongaji alisema, "Tuzime tochi, tuone giza lilivyo."

Tukazima.

Sijawahi kuona weusi wa namna ile. Kelele zilikatika. Kisha nikasikia mtu anahema kwa nguvu, kama anayezama, na sauti ya yule kijana mkubwa ikapasuka: "Washa! Washa!" Kabla sijaipata swichi alikuwa ameshatimka. Nilipowasha, niliona mgongo wake ukipotelea kwenye kona, naye akikimbilia ndani zaidi badala ya nje. Tukasikia kishindo.

Nilimpa binti ya mchongaji tochi moja. "Kaeni hapa. Mtu asisogee. Imbeni, ili tujue mlipo."

"Tuimbe nini?"

"Chochote!"

Wakaanza wimbo wa kanisani, sauti zikitetemeka, kila mmoja akiimba kivyake. Nilitambaa juu ya mawe nikimwita, magoti yananiuma, nikiwaza nitamwambia nini mamake. Nilimkuta amekaa sakafuni, amekumbatia mguu, suruali imechanika na damu inachuruzika. Alikuwa analia bila kujificha.

Nilikaa kando yake, nikamfunga jeraha kwa kitambaa changu cha kichwa.

"Ticha, mimi sijawahi kuona giza," alisema. "Kwetu mama hushona usiku kucha, sare za shule. Taa iko usoni pangu tangu nizaliwe. Nilidhani nimekufa."

"Mimi pia niliogopa," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Tulirudi tukifuata ule wimbo, yeye ameshika ncha ya sweta niliyoifunga kiunoni. Nilihofia watamcheka. Tulipowafikia, binti ya mchongaji alimmulika kuanzia kichwani hadi mguuni, akasema tu, "Umetuchosha sauti." Akamwachia ajiegemeze begani kwake hadi nje, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Jumapili iliyofuata wazazi waliitisha mkutano. Baba mmoja aliuliza ni nani alimruhusu msichana asiye na mume wala kazi kupeleka watoto wa watu jangwani. Nilisimama pale mbele, vidole vyangu vikicheza na ukosi wa blauzi. Ndipo mama mmoja mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akainuka nyuma. Nilimjua kabla hajasema.

"Mwanangu aliniambia aliogopa," alisema. "Tangu babake atuache hajawahi kuniambia anaogopa chochote. Tulikaa tukaongea mpaka uji ukaungua." Akanigeukia. "Wapeleke tena, mwalimu. Ila ubebe tochi za kutosha."

Watu walicheka kidogo. Mchungaji alisema jambo hilo tutaliombea, na sote tulijua maana yake ni hapana. Nilitoka kabla ya sala ya kufunga. Vijana wangu walikuwa wameketi juu ya ukuta nje, wakinisubiri, na yule mkubwa alikuwa ameunyosha mguu wenye bandeji mbele yake kama nishani.

"Ticha," aliuliza, "baada ya pango kuna nini?"

"Sijui," nikasema. Nikapanda ukutani, nikakaa nao.