Siku Wifi Alipoishiwa Nguvu Chemchemini

Wiki ya pili baada ya kuolewa Kibosho, wifi yangu, dada wa mume wangu, alinipeleka kuona chemchemi. Mimi ni Mpare niliyekulia Moshi mjini, kwenye maji ya bomba, na nadhani alitaka kuona kama miguu yangu inaweza. Uji wake aliuacha nusu bakuli. "Tutakula tukirudi," alisema. "Si mbali."

Njia ilipita kwenye migomba, ikavuka mfereji, kisha ikatumbukia korongoni. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo uliteleza. Sehemu moja nilishuka kwa makalio. Wifi alinitazama bila kucheka. Huko chini, kwenye mizizi ya mti mkubwa, maji yalitoka kwenye mwamba, baridi mpaka meno yanauma. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Simu haikushika mtandao.

Nilimwuliza kama tupumzike kidogo.

"Nani kakwambia nimechoka?" alifoka.

Nilidhani hanipendi. Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye genge, pale maji yanapoporomoka, siyo kwenye njia, kisha akakaa chini kama mtu aliyesukumwa. Jasho lilimtoka usoni, na mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi. Nilipomwita alijibu kwa Kichagga, kwa sauti ya mlevi.

Ndipo nikakumbuka mume wangu alivyoniambia kwamba dada yake ana kisukari na hataki kiongelewe.

"Wifi, umechoma sindano leo?"

Akatikisa kichwa kukubali. Amechoma sindano, hajala vya kutosha, na tumetembea karibu saa nzima: sukari mwilini ilikuwa imeshuka mno.

Mfukoni nilikuwa na leso na funguo tu. Kumwacha pale niliogopa. Kukaa naye nikimtazama niliogopa zaidi. Nilimburuta hadi kwenye mti, nikamfunga kiunoni kwa khanga yangu kwenye mzizi ili asiporomoke, nikapanda nikishikilia majani na kuita hadi sauti ikakauka.

Juu ukingoni mama mmoja wa makamo alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama, una kitu chochote cha sukari? Wifi yangu ana kisukari, amezidiwa huko chini."

"Nina chai ya kwenye chupa, ina sukari nyingi. Twende."

Tulimkuta macho nusu wazi. Yule mama alimkalisha vizuri, akamwita kwa Kichagga mpaka akaitika, ndipo akamwekea chupa mdomoni. Chai ya kwanza ilimwagikia kidevuni. Ya pili akaimeza. Nilikuwa nimemshika mkono, na ulikuwa mlegevu kabisa. Muda ukapita, sijui kiasi gani, kisha akauliza kwa nini nimemfunga kama mbuzi. Mama yule akacheka. Mimi nililia.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, wifi aliniegemea begani. "Usimwambie kaka yangu," alisema. "Atanizuia kutoka nyumbani."

Sikumwahidi. Jioni ile nilimwambia mume wangu kila kitu, wifi akisikia kutoka jikoni.

Wifi hakunisemesha karibu mwezi mzima. Alikuwa akinipita uani kana kwamba mimi ni nguzo. Siku aliyovunja ukimya aliniuliza tu kama nimeshakamua ng'ombe. Nikamjibu bado, tukaenda wote bandani.