Kigoda Mlangoni

Mimi ni mbishi, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Waliponialika kwenye kamati ya kupitia rasimu ya kiwango cha kufikia mafaili kwa mtandao, yaani jinsi kompyuta moja inavyosoma na kuandika mafaili yaliyotunzwa kwenye nyingine, niliisoma rasimu yote, ukurasa kwa ukurasa. Nadhani walitaka tu jina la mtu wa mikoani pale chini. Walikosea mtu.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za chama kimoja cha wakulima wa pamba. Seva, inayohifadhi mafaili ya wote, iko ofisini kwetu Nyakato, hapa Musoma. Makarani wa Bunda na Butiama wanaifikia kwa mtandao na kuandika kwenye faili moja la wakulima wanaosubiri mbegu. Karani mmoja akianza kuandika, seva inamwekea kufuli: wengine wanaweza kusoma, ila hawaandiki mpaka amalize. Asiyeandikwa hapati mbegu, na mvua zikianza anabaki kutazama mashamba ya wenzake.

Rasimu ilikuwa nzuri, nitasema haki. Lakini kifungu kimoja kilinikaa kooni kama mwiba wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kilisema kompyuta ikinyamaza kwa muda mfupi tu, seva ihesabu kwamba imeondoka, ichukue kufuli lake na kumpa anayesubiri. Yule wa kwanza akirudi, kazi aliyokuwa hajaihifadhi inakataliwa. Aliyeandika maneno hayo hajui Bunda umeme unavyokatika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mimi niliijua, kwa sababu seva yetu ya zamani ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Msimu uliopita umeme ulikatika Bunda, karani wa huko akiwa katikati ya kuandika. Karani wa Butiama akapewa kufuli bila kujua lilikotoka, akaandika, akahifadhi. Mwenzake aliporudi, kazi yake ya asubuhi nzima ilikuwa imekwenda na maji. Wakulima wakaja kuchukua mbegu, wakaambiwa hawamo. Nikapanda basi kwenda kumpa pole, maana ni mimi niliyekuwa naitunza ile seva.

Karani huyo ni mtu mzima, Mwislamu, zamani fundi cherehani, na ofisi ya chama ni chumba cha mbele cha duka lake la vitambaa. Nilikuta wateja wamesimama nje, mlango uko wazi, na kigoda kimelazwa kizingitini. Majora ya vitambaa, redio, simu kwenye chaji, vyote vilikuwa ndani, na hakuna aliyevuka. Mwenyewe alipotoka msikitini alikiinua kile kigoda, akanikaribisha.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Hawaibagi?"

"Marahaba, mwanangu. Waibe nini na mimi nipo? Nikiendaga kuswali naweka kigoda. Kila mtu anajuaga nitarudi."

"Na usiporudi?"

"Majirani si wataenda nyumbani kuniulizia? Hawawezi kugawana vitambaa eti kwa sababu nimenyamaza."

Siku ile nilicheka; rasimu ilipokuja na kifungu kile, nikakasirika upya. Nikaiandikia kamati maoni yangu: anayenyamaza kufuli libaki lake, wengine wasome tu, na akikawia sana aulizwe mtu, mtu mwenye masikio, kabla ya kulichukua.

Kikao kilifanyika kwa video. Zamu yangu ilipofika nikafungua kinywa, na mtandao wa Nyakato ukakatika. Nilipofanikiwa kurudi walikuwa wanaagana. Kesho yake muhtasari ukaja: kifungu kimepita, mjumbe wa Musoma alinyamaza na amehesabiwa kuwa amekubali.

Hasira zilinipanda. Nikawaandikia kwamba sikunyamaza, nilikatika. Mwenyekiti alinijibu kwa upole mwingi. Alisema mchango wangu ni wa thamani kubwa, ila kompyuta iliyokufa haiwezi kuachiwa kufuli milele, na huko mikoani nako mtandao utaboreka. Hoja ya kompyuta iliyokufa ilikuwa ya kweli, na nilikuwa nimeshaijibu. Yaliyobaki yalikuwa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikadai muhtasari usithibitishwe mpaka nisikilizwe.

Kikao kilichofuata niliweka bando kwenye simu mbili. Muhtasari ulikuwa kwenye seva ya majaribio ya kamati, iliyofuata rasimu yetu neno kwa neno, kwa kuwa mpishi lazima aonje alichopika. Katibu akalifungua faili, kufuli likawa lake, akaanza kurekebisha tarehe na majina. Mimi nami niliomba kuandika, nikawa nyuma yake kwenye foleni. Mara sura yake ikaganda kwenye skrini, kisha ikatoweka. Mjumbe mmoja akasema mtaani kwao umeme umekatika.

Tukasubiri. Haukupita muda, kompyuta yangu ikaniarifu kwamba kufuli sasa ni langu.

Niliona utamu, sifichi. Ule mstari wa kwamba nimekubali ulikuwa mbele ya macho yangu. Ningeufuta, nikaandika kwamba kifungu kimekataliwa, na katibu akirudi seva ingemkatalia yeye. Vidole viliniwasha. Nikavitoa kwenye kibodi, nikaiweka mikono yote miwili juu ya meza, mahali kamera ilipoiona.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "katibu amenyamaza. Kwa kifungu chenu, muhtasari huu sasa ni wangu. Niandike nitakavyo?"

"Hapana, hapana! Tumsubiri, anarudi."

"Nani amesema anarudi?"

"Si umeme tu umekatika?"

"Na Bunda ni umeme tu."

Mwenyekiti akanyamaza, na wajumbe wengine wakanyamaza naye. Sikuwahesabu kuwa wamekubali. Nilikaa pale pale, kama kile kigoda mlangoni, mikono juu ya meza, nikamngoja mwenye faili arudi.