Gauni Jeupe la Nyirabarera

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakuniruhusu kugusa cherehani. Alinipa mkanda wa kupimia, akasimama mbele yangu na kuniambia nimpime yeye mwenyewe. Nilimpima mara tatu, na mara tatu nikapata mabega tofauti. Nilikuwa na miaka ishirini na mke nyumbani, na nilijiona mtu mzima.

"Mutu akisimama umupime, amekuamini," alisema. "Rudia tena."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Tulishonea barazani, karibu na soko la Gisenyi. Sisi mafundi tulikuwa Waislamu, watoto wa wafanyabiashara, na wateja wetu wengi walikuwa Wakristo: wavuvi na wake zao, wauza samaki, wakulima wa milimani. Kwa hiyo Idi ilikuwa sikukuu yetu, lakini msimu wetu wa kazi ulikuwa Noheli. Kuanzia Novemba, mvua ikinyesha, vitambaa vilijaa hadi chini ya meza.

Watu walikuwa na imani zao kuhusu nguo ya Noheli. Ilipaswa kuwa mpya, hata kama ni shati la mtoto lililokatwa kutoka kipande kidogo. Na haikuvaliwa hata mara moja kabla ya siku yenyewe. Walisema ukiijaribu, umekula sikukuu yako mbichi. Kwetu hilo lilikuwa gumu. Kwa kawaida fundi hupiga bandi kwanza, yaani hushikiza nguo kwa mishono mirefu ya mkono, mteja aivae, ndipo aishone kabisa. Nguo ya Noheli haikuwa na kujaribu. Ukikosea kipimo, mtu alikwenda kanisani amebanwa makwapa.

Mwaka wangu wa pili alikuja mjane mmoja mzee kutoka Nyakiriba, kijiji cha mlimani, jina lake Nyirabarera. Alileta kitambaa cha amerikani nyeupe, akataka gauni la ubatizo, kwa kuwa angebatizwa siku ya Noheli baada ya miaka minne ya mafundisho. Nilipokuwa nikimpima alinieleza kwamba zamani alikuwa mtu wa Ryangombe, mkuu wa mizimu. Alikuwa amepita katika ibada zile za siri za mizimu ambazo wazee walizifuata kabla ya dini hizi zetu. Wenzake wa zamani walikuwa wamemwonya. Walisema Ryangombe hamwachi mtu wake, na kwamba siku ya ubatizo itaonekana alama yake. Alisimulia huku akicheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa baridi.

Nilishona gauni lile vizuri. Siku mbili kabla ya Noheli, alasiri, nililipiga pasi. Pasi zetu zilikuwa za makaa, na mtu huitikisa pasi ili makaa yawake. Fundi Mkuu alikuwa amenikataza mara nyingi kuitikisa juu ya nguo, lakini nilikuwa na haraka. Kaa moja likaruka kupitia tundu la pembeni, likaangukia kifuani pa gauni. Nililipangusa mara moja, lakini shimo lilikuwa limeshaingia, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, na kingo nyeusi.

Niliweka pasi chini. Kisha nikaanza kupanga namna ya kuficha: nitakata kipande kwenye pindo, nishone mfuko mdogo juu ya shimo, naye asijue kamwe. Nilimweleza Fundi Mkuu yote, pamoja na ile alama ambayo mjane alionywa, naye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, sawa, kiraka utaweka," alisema. "Lakini kwanza uende kwake. Ukificha, siku moja atafua hiyo nguo, ataona shimo, na hakutakuwa mutu pale wa kumuambia ni makaa. Atajijibu mwenyewe."

Nilipanda Nyakiriba kwa miguu, gauni likiwa ndani ya kitambaa. Njiani nilifikiria maneno mengi ya kujitetea. Nilipofika nililikunjua tu mbele yake. Nyirabarera aliliangalia shimo, akakaa chini mlangoni. Tulizungumza Kinyarwanda.

"Nani alishika pasi?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Kulikuwa na mtu mwingine karibu?"

"Hapana. Niliitikisa juu ya nguo yako. Fundi wangu alishanikataza."

Alinitazama usoni kama mtu anayesoma barua.

"Basi ni wewe," alisema. "Ni wewe tu."

Akafuta macho kwa kiganja. Sijawahi kulaumiwa na mtu aliyefurahi kiasi kile. Nilipomweleza habari ya mfuko, alikataa. Alitaka kiraka cha kawaida, mahali pale pale pa wazi, ili atakayeuliza ajibiwe.

Asubuhi ya Noheli nilisimama ng'ambo ya barabara ya kanisa, kati ya migomba iliyosimikwa kupamba njia. Wabatizwa walipita kwa mstari. Mwanamke mmoja alimwonyesha mwenzake kile kiraka kwa kidole, wakanong'ona. Nyirabarera aligeuka, akawaambia kwa sauti ya kila siku kwamba ni kijana wa cherehani kule sokoni, alikuwa na haraka. Akaingia kanisani. Alitoka anaitwa Natalia.

Siku ya Bonane, yaani mwaka mpya, alituletea mkungu wa ndizi mbivu. Pombe ya ndizi hakuleta, alijua hatunywi. Ilipofika Idi, mama yangu alimpelekea nyama ya mbuzi.

Baadaye nilifanya kazi Goma kwa tajiri wa duka la vitambaa, kisha kwenye chumba cha ushonaji cha masista, ambako Sista Mkuu alipima upana wa kila pindo kwa rula. Nilistaafu kwa sababu ya macho, si kwa kuchoka. Siku hizi nguo za Noheli hutoka kwenye mabalo ya mitumba, na mafundi vijana wanaletewa zaidi nguo za kupunguza na kubadilisha zipu. Bado wanakuja kuniuliza dawa ya kitambaa kilichoharibika mikononi mwao. Ninawaambia wavae viatu, waende kwa mwenye nguo. Uzi watautafuta wakirudi.