Mkanda Uliokuwa Chini ya Kitanda

Katika mtaa ule wa Uvira ulio karibu na mto, hakuna asiyelijua lori la Sévère. Ni lori kuukuu lenye tangi la maji mgongoni na pampu ya kusukuma maji kwa nguvu. Kila mto unapofurika na kumwaga matope majumbani, Sévère huja kuyaosha. Pampu huzungushwa na mkanda mmoja wa mpira, na mkanda wenyewe ulikuwa na tabia ya kukatika. Sévère aliushona kwa uzi wa nyavu za ndagala. Aliufunga kwa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Siku moja aliufunga kwa kipande cha kitenge cha mkewe, Concilie, na pampu ikazunguka hadi jioni. Concilie alicheka mpaka akashika kiuno.

"Baba, weye hautengenezake kitu," alimwambia. "Unabembelezaka tu."

Na mkanda mpya alikuwa nao! Aliununua Bujumbura miaka miwili iliyopita, akakataa kuufunga, kwa sababu kwake ule wa zamani siku zote ulikuwa bado una nguvu. Kuuacha kwenye lori hakuthubutu, wezi wangeupitia. Aliuweka kwenye sanduku chini ya kitanda, akauonea uchungu kama bibi anavyozionea uchungu shuka za wageni.

Mwezi wa tatu Concilie akaugua homa, na siku ya nne akafa. Kuondoa matanga kukapangwa Jumamosi moja. Mama mkwe, anayeishi Luberizi, alitoa sharti moja tu: ukoo ukae ndani ya nyumba aliyolala binti yake, nguo zake zigawiwe humo, machozi yafutwe humo. Sévère aliahidi. Jumatano ya wiki hiyohiyo, mto ukafurika.

Aliosha nyumba za watu kwanza. Angeanzia kwake, mtaa mzima ungemsema, naye maneno ya watu aliyaogopa kuliko mto. Ijumaa asubuhi, zikiwa zimebaki nyumba mbili afike mlangoni kwake, mkanda ulikatika. Akaushona, ukakatika. Akaufunga mpira, ukateleza na kutoa moshi. Mikanda ya aina ile hutoka ng'ambo ya mpaka, na mpaka ulikuwa umefungwa. Jua nalo lilikuwa kali, matope yanaanza kukauka.

Havyarimana, kaka yake Concilie, alikuwa ametangulia kutoka Luberizi.

"Shemeki, si uko na mukaba mupya?"

"Iko mu nyumba. Chini ya kitanda."

Havyarimana aliitazama nyumba. Matope yalikuwa yamefika madirishani. Akacheka, kisha akaona haya, akaomba jembe.

Walichimba kutoka mlangoni hadi kitandani, jasho likiwatoka, na saa tisa ya mchana jembe likagonga bati la sanduku. Nyumba ingeoshwa kabla ya giza. Sévère alivunja kufuli kwa nyundo, akafungua mfuko wa plastiki.

Mkanda ulikuwa mwekundu, umevimba, laini kama bugali. Ulinuka mawese. Juu yake kulikuwa na kipande cha kitenge kilicholowa mafuta, kitenge kilekile.

Akakumbuka. Jumapili moja alimkuta Concilie ameinama kwenye sanduku, vidole vimekuwa vyekundu kwa mawese, akamwuliza anafanya nini. "Ninakutunzia kitu yako isipasuke," alisema. Sévère alidhani ni viatu vya ngozi. Fundi yeyote anajua kwamba mafuta yanaua mpira, lakini Concilie nani angemwambia? Mumewe alikuwa hamwelezi kazi yake ila kwa mzaha. Kwa miaka miwili mwanamke yule aliupaka mkanda ule kwa upendo, akauua.

Sévère aliufunga vivyo hivyo. Ulizunguka mara tatu, ukarefuka, ukachomoka.

Havyarimana aliuokota, akaunusa. "Ni mupumbavu gani aliipakaa mafuta hii kitu?"

"Ni minye."

"Weye? Fundi muzima?"

"Minye njo nilipakaa," alisema Sévère, na hakumtazama usoni.

Usiku kucha walichimba, wakamaliza sebule nusu. Jumamosi mama mkwe alishuka kwenye pikipiki, amevaa kitenge cha msiba, wajukuu wamemshika mikono. Aliyaangalia matope yaliyoganda. Sévère alikuwa ametandika mkeka barabarani, kando ya lori.

"Nilikuomba kitu moja tu, mukwe wangu," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

Havyarimana akamweleza mama yake jinsi shemeji alivyoharibu mkanda kwa ujinga wake. Sévère alikubali kila neno. Mama mkwe hakukaa kwenye mkeka. Alirudi Luberizi akiwa bado na nguo zake za msiba mwilini, na matanga ya Concilie hayajaondolewa hadi leo.